Mguu wa Mbele wa Kushoto

Baba alinifundisha mambo mawili juu ya wanyama, na yote mawili nilikuwa nayo kichwani siku tuliyoenda Nairobi kutafuta farasi. La kwanza ni kwamba farasi akipumzisha mguu wa nyuma, mwache, amesinzia tu. Akipumzisha mguu wa mbele, huyo anaumwa. La pili halikuhusu farasi, lilihusu adabu. Ukienda kwa mtu kuangalia ng'ombe anayeuzwa, husemi kasoro yake mkiwa bado kwa mwenyewe. Unasema ni mzuri. Unakunywa ulichokaribishwa, unasema tena ni mzuri, mnaaga. Mkishatoka, boma limebaki nyuma, ndipo wenzako wanakuuliza umeona nini, na ndipo unasema kwamba chuchu moja imekufa na usiku anakohoa. Kesho yake mnarudi na jibu, au hamrudi.

Nilikulia kwenye adabu hiyo. Nimewahi kumwona Baba akimsifu ndama aliyejaa kupe mpaka mwenye ndama akaona haya, halafu njiani akacheka hadi akaketi kwenye nyasi. Kwetu huo haukuwa uongo. Kila mtu alijua kwamba neno la zizini si neno, neno ni la njiani.

Baba alikuwa saisi, mtunza farasi, katika shamba moja la chai upande wa Kericho, ingawa kwetu hasa ni Boito, tulikokuwa na kashamba ketu na ng'ombe wawili. Alianza kazi akiwa kijana, wakati wasimamizi walikuwa wanazunguka mashamba juu ya farasi na mabanda yalikuwa yamejaa. Pikipiki zikaja, magari yakaja, farasi wakapungua mmoja mmoja. Kufikia miaka ya tisini alikuwa amebaki na mmoja tu, mzee kama yeye, na mwaka mmoja kabla ya zile mvua zilizobeba madaraja, huyo naye akafa kwa ugonjwa wa tumbo.

Meneja alimwita akamwambia mambo wazi. Mkewe bado alitaka farasi wa kupanda. Nairobi, kwenye kiwanja cha mbio, kulikuwa na farasi wanaostaafishwa, ambao miguu yao haishindi tena lakini inaweza kumbeba mtu polepole kwa miaka mingi. Aende achague mmoja. Akipata mzuri, banda litabaki. Asipopata, banda litakuwa stoo ya mbolea. Kwa kweli magunia ya mbolea yalikuwa yameshaanza kupangwa kwenye baraza yake, na Baba alikuwa akiyapita kila asubuhi kama mtu anayempita jirani waliyegombana. Saisi asiye na farasi hana kazi, na asiye na kazi hana nyumba kwenye shamba la chai.

Kitu ambacho meneja hakujua ni kwamba Baba alikuwa haoni. Si kipofu kabisa. Aliona mwanga, aliona umbo la mtu mlangoni, lakini mtoto wa jicho alikuwa ameziba yote mawili. Alikuwa ameificha siri hiyo kwa werevu ambao mpaka leo unanishangaza. Alijua hatua ngapi kutoka kwenye mfereji hadi mlangoni, na msumari upi una hatamu ipi. Memsahib, mke wa meneja, alikuwa akisema kwamba saisi wake ni mpole sana kwa farasi, jinsi anavyowapapasa kila wakati. Alikuwa anawapapasa ili awaone.

Mimi nilikuwa mwalimu bila cheti katika shule moja ya msingi karibu na Merigi. Ilikuwa likizo ya Agosti. Baba alikuja akanikuta nafua, akakaa kwenye kigogo, akaniambia nimsindikize Nairobi. "Mimi nitakuwa mikono," akasema. "Wewe utakuwa macho, mama." Aliniita mama kwa sababu nilipozaliwa wazee walisema ni mama yake aliyerudi, na tangu hapo hakuwahi kuniita vingine. Meneja aliambiwa kwamba nina shughuli zangu Nairobi na naomba lifti.

Tulienda na lori la shamba, lile la kubeba majani mabichi ya chai. Lilikuwa limepigwa mbao pembeni na kutandazwa nyasi kavu. Dereva alikuwa Mkisii wa makamo ambaye alizungumza kutoka Kericho hadi Naivasha bila kupumua. Alinitania kwamba mwalimu mzima nimekosa mume, labda nikanunue farasi aniposee. Baba alicheka mpaka nikapata aibu. Alikuwa na furaha asubuhi ile. Alikuwa amevaa kabuti lake refu la kazi na viatu alivyovipaka rangi mwenyewe, kimoja kimepakwa mpaka kwenye soksi.

Haikuwa siku ya mbio. Jukwaa lilikuwa tupu, viti safu kwa safu, na tiketi za watu waliopoteza bahati zao zimelowa kwenye nyasi. Nilikuwa nimetarajia kitu kikubwa, sijui nini, tarumbeta labda. Nilichokuta ni mabanda marefu yaliyopangwa nyuma ya miti, ndoo, vinyesi vilivyofagiliwa vizuri, na vichwa vya farasi vimetokeza juu ya milango vikitutazama tukipita. Mwenye farasi alikuwa Mzungu mzee, mwembamba, mwenye Kiswahili cha zamani cha mashamba. Alitupokea vizuri. Alituweka kwenye benchi akaagiza chai, na saisi wake akatuletea kwenye vikombe vya bati. Baba alionja, akaniambia kwa Kipsigis kwamba chai yetu imesafiri mbali kuliko sisi.

Sasa nataka mnielewe hapo. Tulikunywa chai ya mtu yule.

Wa kwanza alikuwa farasi mwekundu aliyekuwa akiyumba kushoto na kulia mlangoni bila kukoma, kama mtu anayembembeleza mtoto ambaye hayupo. Baba aliisikia ile kwato ikigonga, akatikisa kichwa, akapita. Wa pili alikuwa mrefu mno na alitaka kuuma. Wa tatu alikuwa jike la rangi ya kahawia iliyoiva, mwenye alama nyeupe ndogo kati ya macho. Alikuwa na jina refu la Kiingereza kwenye karatasi. Baba hakulitamka hata siku moja, alimwita mgeni.

Nilifika kwenye banda la yule jike kabla yao, kwa sababu Mzungu alikuwa amemsimamisha Baba kumweleza jambo. Kwa hiyo niliona. Niliona bendeji inayochuruzika maji ikiwa imetundikwa kwenye msumari. Niliona ndoo, na sakafu iliyolowa mahali pamoja tu, chini ya mguu wa mbele wa kushoto. Saisi wa pale alikuwa amepiga goti akimalizia kuukausha mguu huo kwa gunia. Alipoinuka, yule jike akausogeza mguu mbele kidogo, ncha ya kwato ikigusa chini, uzito wote ukiwa upande wa pili. Saisi alimsukuma begani, akasimama sawa. Tulitazamana, mimi na yule saisi. Alikuwa kijana wa rika langu, na uso wake haukuwa wa mtu mbaya. Aliniambia polepole kwamba huyu akikosa mtu wiki hii hawezi kulishwa bure, na mimi naweza kukisia anakopelekwa.

Ndipo Baba akaingia. Hakumgusa kwanza. Alisimama begani pake, akapulizia pumzi puani mwake, akangoja. Yule jike akamnusa kifua, akanusa shingo, kisha akashika kifuniko cha mfuko wa kabuti kwa midomo, akakivuta kidogo, akakiachilia, akaweka kidevu chake begani kwa Baba. Baba alifumba macho yale yasiyoona. Sijawahi kuona uso kama ule kwake tangu mama yangu azikwe. Kusema kweli nami nilimpenda yule mnyama hapo hapo, na mapenzi hayo ni sehemu ya kosa langu.

Kisha alianza kazi. Alimpapasa mgongo, mbavu, akamfungua mdomo. Akashuka kwenye miguu, ya nyuma kwanza. Mguu wa mbele wa kulia aliushika, akauachia. Wa kushoto aliushika, mkono ukateremka hadi kwenye kifundo, ukapanda, ukateremka tena. Aliuliza kama anaweza kumsikia akikimbia kwenye njia ngumu, maana Baba alisikiliza kwato jinsi fundi anavyosikiliza injini. Mzungu akasema njia ngumu iko mbali, akimbizwe hapa kwenye nyasi tu. Saisi akamkimbiza kwenda na kurudi. Kwenye nyasi hakuna sauti. Mimi niliona kichwa cha yule jike kikiinuka kidogo kila mguu ule ulipogusa chini.

Tulikuwa tumesimama wanne kwenye nyasi ndefu zilizotufika vifundoni. Baba akanigeuzia uso. "Mguu iko baridi," akasema. "Wewe umeona nini, mama?"

Mzungu alikuwa pale akitabasamu. Kikombe chake cha chai kilikuwa bado tumboni mwangu. Nikasema, "Ni mzuri, Baba."

Nilimaanisha: tutoke. Nilimaanisha tuage, tufike nje ya lango kule lori lilikosimama, uniulize tena huko. Nilisema mzuri vile yeye mwenyewe alivyosema mzuri kwenye mazizi mia, na nikangoja aage.

Hakuaga. Alisema anatafuta nyasi.

Kwetu mtu akikubali ng'ombe, huchuma nyasi akamwekea mgongoni, na baada ya hapo hakuna maneno tena. Baba alikuwa amerithi hivyo kwa baba yake. Alianza kutembea kuelekea fensi ya mwisho, mikono imetangulia mbele kidogo, hatua moja, akisimama, hatua nyingine. Mzungu alimtazama kwa heshima; nadhani alifikiri ni maombi. Mimi nilifikiri anakwenda hivyo kwa sababu ya macho. Nilikuwa na mdomo, nilikuwa na miguu, ningeweza kumkimbilia nikamshika mkono. Lakini ningemwambia nini mbele ya mwenyeji? Na ningelisemaje bila Mzungu na yule saisi kujua kwamba mzee amekuja na macho ya kuazima? Alirudi na shada la nyasi, akalipapasia mahali pa kuliweka, akaliweka mgongoni mwa yule jike. Ikawa imekwisha.

Kurudi, Baba alikataa kukaa mbele. Alisimama nyuma na mgeni wake njia yote, mkono shingoni mwake, na mimi nikabaki na dereva na hadithi zake. Mvua ilikuwa inatufuata kwa hiyo hatukusimama Naivasha wala Nakuru. Tulisimama Kedowa, saa kumi na moja jioni, dereva akitaka viazi na karoti za pale barabarani. Nikapanda nyuma. Hapo sasa tulikuwa njiani. Nikamwambia yote: bendeji, ndoo, sakafu, ule mguu uliosogezwa mbele, kichwa kilichoinuka.

Aliinama, akatafuta mguu, akaushika. Kisha akauchukua mkono wangu akauweka mahali ulipokuwa wake. Nyuma ya mguu, juu ya kifundo, kulikuwa na joto kama la sufuria iliyoepuliwa sasa hivi. Maji ya Nairobi yalikuwa yamekwisha nguvu.

"Turudi, Baba," nikasema. Nilikuwa nalia. "Tumrudishe."

"Nimeweka nyasi," akasema. Baadaye kidogo akaniomba nimnunulie mgeni karoti, zile nyembamba, maana zile nene ni za kuuza si za kula. Nilimnunulia. Alimlisha moja moja, na yule jike akala huku akiupumzisha mguu mbele yetu sote, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumsukuma.

Nilirudi shuleni, kwa hiyo mengine niliyaona nusunusu. Najua kwamba kila asubuhi na kila jioni Baba alimpeleka mtoni, akamsimamisha kwenye maji baridi mpaka vifundo vyake mwenyewe navyo vikafa ganzi. Alimwambia memsahib kwamba farasi wa mbio anahitaji miezi ya kusahau mbio kabla ya kupandwa. Huo haukuwa uongo, na memsahib alisubiri wiki tano. Nilipomtembelea mara ya mwisho mguu ulikuwa baridi kweli, bila maji, na yule jike alikuwa akimfuata Baba bila kamba, kutoka mtoni hadi bandani, pua ikiwa kwenye mfuko wa kabuti. Kulikuwa na jioni moja nilipoamini kwamba tumeponea chupuchupu. Baba aliamini zaidi yangu. Alikuwa ameanza kuimba tenzi za kanisani akifagia.

Memsahib alipata wageni, akataka kuwaonyesha. Alimpanda kwenye barabara ngumu ya udongo wa murram katikati ya chai, na farasi aliyekuwa wa mbio, akiona njia iliyonyooka mbele yake, alifanya kile alichozaliwa kukifanya. Wachuma chai walisema walisikia mlio kama wa kijiti kikavu kikivunjika. Memsahib alianguka lakini hakuumia. Wakampelekea Baba habari, naye alikwenda kule kwa miguu, akishika vichaka vya chai kwa mkono mmoja asipotee.

Dereva ndiye aliyenisimulia, bila utani siku hiyo. Meneja alikuja na bunduki yake. Baba akaomba asubiri kidogo. Alivua kabuti, akamfunika yule jike kichwa ili asione, akamshika hatamu, akawa anazungumza naye chini chini kwa Kipsigis mpaka bunduki ilipolia. Kabuti hakulichukua. Yule jike alizikwa nalo.

Meneja aliuliza ilikuwaje saisi wa miaka mingi hivyo asione mguu mbovu. Baba akajibu kwamba mikono yake imezeeka. Hakusema kwamba alikuwa na mtu. Siku ya pili aliitwa ofisini atie sahihi karatasi fulani, na kalamu yake ikaandika kwenye meza, kando ya karatasi. Basi hilo nalo likajulikana. Mwisho wa mwezi tulipakia kitanda, viti na kuku kwenye lori lile lile, dereva yule yule, tukaenda Boito. Nilipogeuka nyuma, vijana walikuwa wanaingiza mbolea.

Nilikaa na jambo langu zaidi ya miaka miwili. Kila nilipokwenda nyumbani nilijiambia leo nitasema, na kila mara nikasema habari za shule. Alikuwa sasa haoni hata mwanga. Alikamua ng'ombe kwa mkono tu, kipaji cha uso kimeegemea ubavu wa ng'ombe, na hakuwahi kumwaga. Alasiri moja, nikiwa nimemshikia ndama, likanitoka. Nilimwambia kwamba siku ile Nairobi niliposema mzuri nilisema kwa adabu tu, na kwamba nilikuwa nangoja tutoke.

"Najua," akasema. "Si ni mimi nilikufundisha?"

Maziwa yaliendelea kulia ndani ya ndoo. Nikamuuliza, kama alijua, kwa nini aliweka nyasi. Alimaliza chuchu moja, akahamia nyingine.

"Mguu niliisikia," akasema. "Baridi yake haikuwa ya mwili. Lakini huyo mgeni alikuwa ameshanishika, mama. Mimi peke yangu singeweza kumkataa." Akaisogeza ndoo. "Unakumbuka nyasi ilikuwa wapi?"

Nikasema kwenye fensi.

"Hapana. Nyasi ilikuwa kwa miguu yetu. Nilikuwa nimekanyaga. Ningeinama tu." Akaifuta mikono kwenye suruali. "Nikaenda ya fensi. Nikatembea pole pole. Hata ungekohoa, ningesikia."

Kisha akaniambia nimwachie ndama anyonye, na mimi nikamwachia. Kutoka pale tulipokuwa tumesimama Nairobi hadi kwenye ile fensi, kwenda na kurudi kwa mwendo wake, mtu anaweza kusema Baba Yetu Uliye Mbinguni mara tatu bila haraka. Alinipa muda wote huo, na mimi nilisimama nikimtazama mgongo, nikamwonea huruma kwamba haoni.